Chakula cha usiku na nguvu za mwili



Juma hili twajibu barua ya mwanafunzi mmoja anayekaa karibu na ziwa Tanganyika. Yumo katika darasa la mwisho la shule ya sekondari. Kila siku ya posho hushusha magunia ya unga bandarini ili kumsaidia mama yake, na jioni, pamoja na rafiki zake, huinua vyuma vya gari bovu wapate kukaza misuli. Sasa ameambiwa sokoni kwamba kuna unga mweupe, umo ndani ya kopo lenye picha ya mtu mwenye kifua kama ngoma. Anayeunywa kabla ya kulala, mwili wake huongezeka nguvu naye amelala. Bei ya kopo yakaribia fedha aliyokwisha kuweka kwa ajili ya minervali. Yeye auliza: «Je, neno hili ni kweli au ni uwongo wa wachuuzi? Nami nifanye nini?»

Kijana mpenzi, umefanya vema kuuliza kabla ya kufungua mfuko. Neno uliloambiwa si uwongo. Ni kweli ndogo inayouzwa kwa bei kubwa. Sikiliza basi tukufasirie.

Mwili wa mtu hufanana na nyumba ambayo mafundi hawaiachi hata siku moja. Usiku na mchana hutoa matofali ya zamani na kuweka mapya. Matofali hayo ndiyo vyakula vya kujenga mwili, ambavyo waganga huviita proteini: nyama, samaki, mayai, maziwa, maharagi, soja, karanga. Mtu akifanya kazi nzito au mazoezi, ni kama bwana wa nyumba anayewaamuru mafundi wake: «Ongezeni ukuta, kwa maana mzigo umekuwa mzito.» Lakini amri bila matofali haijengi kitu. Vivyo hivyo matofali bila amri: anayekula nyama nyingi na kukaa kitako hatapata misuli, atapata tumbo.

Sasa, usiku mambo huwaje? Mtu hulala saa saba au nane bila kula. Chakula cha jioni kikiisha kusagwa tumboni, matofali hupungua katika damu, na mafundi hufanya kazi polepole. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Maastricht, katika Uholanzi, walitaka kujua kama matofali yakiletwa saa ile ya kulala mafundi watayatumia. Mwaka 2012 walitangaza jambo waliloliona kwa vijana 16 wenye afya. Vijana hao walifanya mazoezi ya kuinua vyuma jioni. Kisha, karibu na saa sita ya usiku, nusu yao walikunywa gramu 40 za proteini ya maziwa, na nusu walikunywa kinywaji kisicho na proteini. Wale wa kwanza walijenga misuli usiku ule kupita wenzao, kadiri ya asilimia 22. Mwaka 2015 wachunguzi wa chuo hicho walitangaza tena habari za vijana 44 waliofanya mazoezi kwa majuma 12. Waliokunywa gramu 27 na nusu za proteini kila usiku kabla ya kulala waliongezeka nguvu na unene wa mapaja kuliko wasiokunywa.

Proteini ile huitwa kaseini. Si dawa ya ajabu, wala haikutoka mbali. Katika maziwa ya ng'ombe, proteini nne kwa tano ni kaseini. Ikifika tumboni huganda, kama maziwa yanavyoganda katika kibuyu, na kwa hiyo husagwa taratibu. Hutoa matofali yake kidogo kidogo kwa saa nyingi. Wachunguzi wa Ufaransa walikwisha kuonyesha jambo hilo mwaka 1997. Mama anayempa mwanawe kikombe cha maziwa ya mgando jioni, na mtu wa Goma anayekula kipande cha jibini la Masisi, wote wala kaseini, ingawa kikombe na kibuyu havina picha ya mtu mwenye kifua kikubwa.

Lakini ngoja, kijana, usikimbilie sokoni. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2015, wale waliokunywa proteini usiku walikula proteini nyingi zaidi katika siku nzima. Wenzao hawakupewa kiasi kile kile saa nyingine. Je, ni saa ya usiku iliyowasaidia, au ni wingi wa chakula? Wachunguzi wa Marekani waliijaribu hoja hiyo. Waliwapa watu wa mazoezi kaseini, wengine mchana, wengine usiku, kisha wakatangaza habari zao mwaka 2017 na mwaka 2018. Hawakuona tofauti ya maana baina ya saa hizo mbili. Basi jambo kubwa ni jumla ya siku. Saa ya kulala ni nafasi moja nzuri ya kuitimiza jumla hiyo.

Tufanye hesabu, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba mtu mzima ataka kadiri ya gramu 0,83 za proteini kila siku kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 60 ataka gramu 50. Naye anayeinua vyuma ili akaze misuli hufaidika kwa kuongeza mpaka gramu 1,6 kwa kilo. Akipita hapo, haonekani kupata faida zaidi. Hivi ndivyo ilivyoonekana mwaka 2018, wachunguzi walipokusanya pamoja majaribio 49. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 96.

Je, gramu hizo zapatikana bila kopo? Tazama. Gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 20 na zaidi. Ndakala waliokauka vizuri wana nusu ya uzito wao na zaidi. Gramu 100 za karanga zina gramu 25. Yai moja lina gramu 6, na robo ya litri ya maziwa ina gramu 8. Sasa chukua kwa siku moja gramu 150 za maharagi, gramu 40 za ndakala, gramu 60 za karanga na gramu 400 za unga wa mahindi. Jumlisha mwenyewe: zakaribia gramu 97. Lakini kumbuka kwamba ukiweka unga wa muhogo mahali pa unga wa mahindi, utapoteza zaidi ya gramu 20, kwa kuwa muhogo hushibisha tumbo lakini matofali yake ni machache sana. Ndiyo maana mwenye kula bugali la muhogo lazima azidishe mboga ya maharagi, samaki au karanga, asiridhike na mchuzi mtupu.

Hayo ndiyo majibu ya swali lako la kwanza. Sasa sisi nasi twakuuliza swali moja. Katika nyumba yenu, ni nani anayekula kabla ya kulala, na ni nani anayelala kabla ya kula?

Twajua desturi ya nyumba nyingi. Mama hurudi kutoka shamba au sokoni jua limekwisha kushuka. Huwasha moto, hupika. Chungu huiva saa mbili au saa tatu za usiku. Mtoto wa miaka miwili amekwisha kulala juu ya mkeka, midomo yenye vumbi. Akiamshwa, hulia na kukataa. Asipoamshwa, hungoja mpaka asubuhi. Samaki hugawanywa: kichwa na mwili kwa baba, kipande kwa kijana mkubwa anayefanya kazi, na mchuzi kwa watoto. Hakuna aliyetaka kumdhulumu mdogo. Lakini usiku mmoja hufuata mwingine, na mtoto hupungua wala watu hawaoni, kwa maana miguu iliyovimba huonekana kama unene.

Mwaka 1933 mganga mwanamke aliyezaliwa Jamaica, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa huu. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina ambalo mama wa huko walilitumia: kwashiorkor, ndiyo ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa maziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi, ngozi hubabuka, mtoto hachezi wala hacheki. Kwetu Kivu, waganga wa Lwiro, karibu na Bukavu, walishughulika nao miaka mingi. Leo waganga wajua kwamba kukosa proteini si sababu yake pekee. Maradhi ya kuhara, surua na ukosefu wa vyakula vingine vyaleta pia hatari. Lakini kila mmoja wao atakuambia kwamba mtoto anayeshiba muhogo peke yake amesimama karibu na shimo.

Sasa pima jambo hili. Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto mdogo ataka proteini kuliko mtu mzima, kwa sababu yeye hatengenezi nyumba tu, anaijenga tangu msingi. Hata hivyo mwili wake ni mdogo: mtoto wa kilo 10 ataka kadiri ya gramu 11 kwa siku. Kiasi kile walichokunywa vijana wa Maastricht usiku mmoja chamtosha yeye zaidi ya siku mbili. Kiganja kidogo cha ndakala waliotwangwa na kuchanganywa katika uji kwaweza kuwa kwake tofauti baina ya uzima na hospitali. Kwako wewe, kijana, kiganja hicho ni sehemu ndogo tu ya kifua.

Hatusemi kwamba wewe usile. Anayebeba magunia ataka nguvu, na nguvu zake zalisha nyumba. Twasema kwamba dau la mwili wako lisijengwe kwa mbao za mashua ya mdogo wako.

Tena usimsahau babu. Misuli ya wazee hupungua mwaka kwa mwaka; mzee hushindwa kuinuka kitini, huanguka na kuvunjika mfupa. Wachunguzi wale wale wa Uholanzi, mwaka 2017, walieleza habari za wanaume 48 wenye umri wa miaka 72 hivi. Waliokunywa gramu 40 za kaseini kabla ya kulala walijenga misuli zaidi usiku kuliko wasiopewa. Kumbe mwili wa mzee nao bado wasikia amri, ukiletewa matofali. Basi kikombe cha maziwa ya jioni, au uji wa soja iliyopikwa sana, kwa mzee si upuzi wala si kumfanya mtoto.

Kwa hiyo, haya ndiyo mashauri yetu.

Ninyi wazazi, watoto wale kwanza, wangali macho. Ikiwa chungu kitachelewa, wekeni tangu mchana sahani ya maharagi au uji wa karanga, mtoto aupate jua linaposhuka. Tumbo lake ni dogo; haliwezi kupokea chakula cha siku nzima mara moja. Nawe baba, ukipewa samaki mzima, ugawanye mbele ya watoto, hata mama apate sehemu yake, hasa akiwa na mimba au akinyonyesha. Baba anayegawa hapunguziwi heshima.

Ninyi vijana, kuleni vyakula vya kujenga mwili asubuhi, mchana na jioni, na mkitaka, wekeni sehemu kidogo ya kula kabla ya kulala. Lakini msijaze tumbo na kulala papo hapo, mkapata kiungulia. Laleni saa za kutosha. Anayekesha na simu mkononi awanyima mafundi wake usiku wa kazi. Karanga zenye ukungu zitupeni, kwa maana ukungu huo una sumu inayodhuru ini. Naye mwenye ugonjwa wa figo asizidishe proteini bila shauri la mganga.

Nawe mwanafunzi uliyetuandikia, liache kopo mahali lilipo. Lipa minervali yako, kwa sababu mlango wa shule ukifungwa, kifua kikubwa hakitaufungua. Kwa fedha itakayosalia nunua ndakala, maharagi na karanga, umpe mama. Wakati wa jioni, kabla hujatia mkono katika sahani, tazama kama mdogo wako ameamka. Ikiwa amelala, mwamshe taratibu, umkalishe karibu nawe, mle pamoja.