Mtambo Mdogo Nao Upewe Leseni

Yako mambo ambayo kila mtu katika mkoa huu anayajua, na wachache sana wanapenda kuyasema hadharani. Mojawapo ni gongo ya ndizi, ambayo wenyeji wa Bukoba na Muleba huiita enkonyagi. Hupikwa migombani, hubebwa kwa madumu hadi mialoni, na kutoka huko huvushwa kwa mitumbwi kwenda Bumbire, Ikuza, Goziba na Kerebe. Kila baada ya muda hufanyika msako. Mapipa hutobolewa, mama mmoja au wawili hufikishwa mahakamani, na haipiti wiki moshi unaonekana tena migombani.

Sheria inayotumika ni ile ya Moshi ya mwaka 1966. Sheria hiyo inakataza kutengeneza pombe hiyo, kuiuza au kukutwa nayo bila ya leseni. Tunapenda kuwakumbusha viongozi wetu maneno hayo matatu ya mwisho. Kwa zaidi ya nusu karne yamesomwa kana kwamba hayakuandikwa. Mpishi wa kijijini anaijua njia ya kwenda kituo cha polisi. Njia ya kwenda kuomba leseni hajaonyeshwa na mtu.

Tumtazame basi huyo mpishi ni nani. Rubisi ni kinywaji cha heshima katika nchi ya Wahaya. Ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa miguu na majani, maji yake hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa hadi kesho yake. Posa haiendi bila rubisi, na msiba haumaliziki bila hiyo. Lakini rubisi haina subira. Baada ya siku chache huchacha, na mwenye nayo amepata hasara. Gongo haichachi. Ndizi zilizojaza mtumbwi wa kukamulia huishia katika madumu machache, ambayo mtu anaweza kuyafunga kwenye baiskeli na kuteremka nayo ziwani. Hesabu hiyo angeifanya mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu.

Na wengi wanaoifanya ni wanawake, wajane na walioachika, ambao kahawa ya ukoo haikuwa yao. Tusisahau kwamba ilibidi tungoje hadi mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipotoa hukumu katika kesi iliyotoka huku huku kwetu, ndipo ikaamuliwa kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Mwanamke asiye na shamba anaweza kununua mikungu michache ya kisubi, akaazima pipa, akasomesha watoto. Hatusemi haya ili kumtukuza. Tunasema ili afisa anayetia saini amri ya msako ajue anamsaka nani.

Hata hivyo, hatutakubali kuhesabiwa pamoja na wale wanaosema gongo haina madhara. Inayo, na ni makubwa. Ndizi inapochacha hutoa pia kiasi cha methanoli, ambayo ni sumu ya macho na ya uhai. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, na pombe halali kwenye nyuzi 78, ndiyo maana wapishi hodari humwaga matone ya kwanza. Desturi hiyo inasaidia kidogo, lakini haitoshi, kwa kuwa mtambo wa pipa na bomba hautenganishi vitu hivyo sawasawa. Tena pipa lenyewe pengine lilibeba dawa za viwandani, na bomba limeungwa kwa risasi. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni mchuuzi mwenye tamaa anayeongeza spiriti ya viwandani ili dumu lijae. Jirani zetu wa Kabale, Uganda, walizika watu zaidi ya 80 mwezi Aprili 2010 kwa sababu hiyo. Nairobi ilizika zaidi ya 100 mwezi Novemba 2000. Katika biashara ya kificho mnywaji hana wa kumuuliza, na mchuuzi hana jina la kulinda.

Ndugu zetu wa visiwani wanalielewa jambo hili kuliko sisi wa nchi kavu. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa zake hazivuti kitu, naye hupumzika kambini siku kadhaa akiwa na fedha mfukoni. Hapo ndipo dumu linapopokewa. Kinywaji kikiwa kibaya, hospitali iko ng'ambo ya maji, na boti ni mpaka ipatikane. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017 ilifanya vema, lakini mnywaji wa kambini asiyemudu bei ya chupa alirudi kwenye dumu.

Wenzetu wamefanyaje? Ng'ambo ya Mutukula, Sheria ya Enguli ya miaka ya 1960 iliwaandikisha wapishi, enguli yao ikanunuliwa, ikapikwa tena kiwandani na kutiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi. Mpango huo haukumaliza upikaji wa kificho, na wapishi wadogo walilalamikia bei waliyolipwa. Lakini ulithibitisha kwamba kinywaji cha migombani kinaweza kusafishwa na kulipiwa kodi. Uingereza nako, ambako wengi hudhani mambo yalikuwa mepesi, wakuu wa ushuru walikuwa hawatoi leseni kwa mtambo usiofikia lita 1,800. Kampuni changa ya Sipsmith ya London ilibishana nao hadi ikapewa leseni mwaka 2009, na baada yake mitambo midogo ya jini ikachipuka nchi nzima. Leo hata Nairobi inapikwa jini ya Procera kwa matunda ya mtarakwa wa milima ya Kenya, na chupa yake hununuliwa ghali nchi za nje. Mtu akiipika London au Nairobi huitwa fundi. Akiipika Kamachumu huitwa mhalifu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Arusha, kampuni ya Banana Investments imetengeneza mvinyo wa ndizi tangu mwaka 1993, kwa chupa na lebo, na mbingu hazijaanguka. Hapa kwetu tuna kituo cha utafiti cha Maruku chenye wataalamu wa migomba, na tuna SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Mtambo wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu, wa kutumiwa na kikundi cha wapishi ishirini, si jambo la kuwashinda mafundi wetu. Ungepunguza kuni pia, nasi sote tunaona milima ya Muleba inavyokwenda uchi. Kilicho kigumu ni vipimo, maana sampuli hupelekwa Mwanza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kikundi cha kijijini hakiwezi kungoja majibu huku rubisi ikichacha. Hilo ni jukumu la Serikali, na tunaliomba waziwazi: kifaa cha kupimia kiwepo Bukoba mjini, na Shirika la Viwango litoze ada ambayo kikundi kinaweza kuilipa.

Msako uendelee, lakini uwaelekee wanaochanganya spiriti ya viwandani, na ufanyike mialoni ambako madumu yanakusanyika. Askari wawili katika mwalo mmoja watakamata sumu nyingi kuliko kikosi kizima kinachozunguka migombani.

Madiwani wa Bukoba na wa Muleba wana vikao vyao vya kawaida. Tunaomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho, wajumbe wa visiwani wapewe nafasi ya kwanza ya kusema, na wapishi wenyewe waitwe waeleze kazi yao, pasiwe na askari mlangoni.