Gati Likiongezwa, Kodi Hupanda

Msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Mombasa ukielekea kivuko cha Likoni, kisha ukageukia mkono wa kulia kabla hujafika majini, utaingia Mbaraki. Utakuta gati, maghala, na malori yanayongoja zamu. Na kando ya shughuli hizo zote utakuta mnara wa mawe ya matumbawe, mkongwe kuliko reli na kuliko magati ya Kilindini, umesimama mahali pake bila kudaiwa kodi na mtu. Wanaoshusha magunia huko hawana bahati ya mnara. Jioni huondoka: huyu hupanda feri kwenda Likoni, huyu hushika njia ya Changamwe, yule hufika Mikindani usiku, kila mmoja akifuata chumba ambacho ujira wake waweza kukilipia.

Hali hii tumeizoea hata hatuioni. Mimi nasema kwamba si majaliwa. Ni matokeo ya namna tunavyojenga mambo makubwa katika pwani hii: twahesabu saruji, vyuma na meli, wala hatumhesabu mpangaji. Kila gati jipya au barabara mpya inapozinduliwa, hutokea msemaji wa kutuambia kwamba neema itamfikia kila mtu. Neema hufika, nakiri. Lakini humfikia kwanza mwenye ardhi, tena humfikia kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Tazama yaliyotukia Lamu. Gati la kwanza la bandari mpya ya huko lilifunguliwa Mei 2021. Lakini miaka saba kabla ya hapo, Julai 2014, Rais wa Kenya aliagiza zifutwe hati za makampuni 22 yaliyokuwa yamejipatia ekari zipatazo 500,000 katika kaunti hiyo. Meli haijatia nanga, na ardhi imekwisha gawanywa! Dalali hangoji maji yajae. Yeye husoma gazeti. Bei ya kiwanja hupanda kwa habari, na ujira wa mchukuzi hupanda kwa kazi, ikiwa kazi yenyewe itapatikana. Katika muda ulio baina ya habari na kazi ndimo mpangaji anamoumia.

Mombasa ina jambo lake lingine linaloongeza uchungu. Wengi wa watu wa mji huu wana nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba ya vyumba sita, na ukumbi katikati, juu ya kiwanja cha mwingine. Humlipa mwenye kiwanja kodi kila mwezi, na vyumba akavipangisha kimoja kimoja. Desturi hii iliwafaa wengi, kwa kuwa kodi ya kiwanja ilikuwa ndogo. Lakini imesimama juu ya msingi dhaifu. Reli ilipokwisha fika Kisumu mwaka 1901, ardhi ya pwani iligeuka kuwa bidhaa. Na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ikampa hati yule aliyejua kudai mbele ya wakoloni, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Tangu hapo aliyeishi juu ya ardhi na aliyeimiliki wakawa, mara nyingi, watu wawili mbalimbali.

Sasa fikiri mwenye kiwanja amepata mnunuzi tajiri kwa sababu barabara mpya inapita karibu. Ile nyumba ya vyumba sita haina uzito katika mapatano yao. Aliyeijenga hupewa notisi. Familia sita zilizomo pengine hazipewi hata karatasi. Na bei hiyo kubwa imetoka wapi? Haikutoka katika jasho la muuzaji, ambaye labda hakupanda kiwanjani hapo hata mchungwa mmoja. Imetoka katika barabara, na barabara imejengwa kwa fedha za umma, zikiwamo za kuli na mwuza samaki. Kweli, tangu Januari 2023 muuzaji hutozwa asilimia 15 ya faida yake, badala ya asilimia 5 ya hapo awali. Lakini kodi hiyo huingia katika hazina ya taifa, wala haimtafutii chumba yule aliyehamishwa.

Usidhani kwamba malalamiko haya ni mapya. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na posho ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Tume iliyoongozwa na Willan ilipochunguza, iliyakuta makazi yao katika hali ya kusikitisha. Tarehe 13 Januari 1947 wakagoma tena, watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli na wa majumbani. Wakakutana katika uwanja wa mpira waliouita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka huohuo akahamishiwa mbali na mji. Bandari ilikuwa ikistawi, na mtu aliyeistawisha alilala wengi chumba kimoja. Nyumba za wafanyakazi zilizojengwa baadaye na serikali, na reli, na baraza la mji, hazikujengwa kwa huruma tu; zilijengwa kwa kuwa wakubwa walikwisha ona kwamba gati haliendi ikiwa mchukuzi hana pa kulala.

Somo hilo lililonunuliwa kwa gharama, sisi tunalisahau bure. Mtaa wa Buxton, uliorithiwa na kaunti kutoka zama za ukoloni, ulikuwa na nyumba 520 za kupanga. Mwaka 2021 ulibomolewa, licha ya wapangaji kwenda mahakamani, na mahali pake pakaanza kupanda majumba ya ghorofa ya kuuzwa. Sisemi kwamba nyumba za zamani zilikuwa nzuri. Zilikuwa zimechakaa, na aliyezitetea kwa uzuri wake alijidanganya. Nasema kwamba nyumba ya kupanga na nyumba ya kuuza si kitu kimoja. Hata mpangaji akipewa nafasi ya kwanza ya kununua, nafasi hiyo yamfaa nini ikiwa benki haimtambui?

Hapa wajenzi hunijibu kwamba nyumba zikiwa nyingi, bei itashuka. Jibu hili lina ukweli, nami sitaki kulikanyaga. Lakini lina sharti: ziwe nyingi kwa yule anayezihitaji. Kibarua wa Mbaraki hapangi sebule yenye kutazama bahari. Na tangu sheria ya nyumba za gharama nafuu ya 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kila mwezi, atakayepata nyumba na asiyeipata.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Ipo pia sheria ya zamani ya kuzuia kodi, inayomlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nenda, msomaji, katafute kisiwani chumba cha heshima cha bei hiyo, kisha urudi uniambie umekiona mtaa gani. Kiwango hicho na kipandishwe. Nyumba za umma zikibomolewa, sehemu iliyoandikwa katika mkataba na irudi kuwa ya kupanga. Na sehemu ya thamani inayoongezwa na mradi ibaki katika mtaa ule ule, ijenge vyumba.

Kwa miaka mingi yamekuwapo maneno ya daraja kubwa la kuvuka mlango wa Likoni. Siku litakapotangazwa kuanza, mabango yatapandishwa, ngoma zitapigwa, na huenda nawe ukawa umesimama penye umati. Mheshimiwa akimaliza kuhesabu mita na mabilioni, inua mkono kabla hajashuka jukwaani. Mwulize watakaolijenga watalala wapi, na kodi itakuwa shilingi ngapi.