Asiyeshuka Hakufika

Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema upite uone, wala uchukuliwe uone. Katika neno tembea umo mguu, umo udongo, na umo muda wa kusimama mlangoni pa mtu, kubisha hodi na kungoja jibu. Kuona kulikotajwa baada yake ni malipo ya kazi hiyo. Siku hizi imezuka desturi ya kudai malipo bila ya kazi. Watu huteremka melini asubuhi, hupanda basi lisilo paa, huzungushwa mji mzima wakiwa wameketi, hurudi melini kabla ya jua kutua, na wakifika kwao hutangaza kuwa wameijua Barcelona. Madai hayo yastahili kupingwa, maana yanaharibu mambo mawili kwa pamoja: maana ya elimu na maana ya ugeni.

Barcelona ni mji mkuu wa Katalonia, katika pwani ya mashariki ya Hispania, na ni mojawapo ya bandari za Mediterania zipokeazo meli nyingi za matembezi. Meli kubwa hufungwa katika gati refu liitwalo Moll Adossat, lililo mbali kidogo na mji. Abiria huchukuliwa kutoka hapo mpaka chini ya mnara wa Christopher Columbus, penye mwanzo wa njia maarufu iitwayo La Rambla. Mnara huo ulisimamishwa kwa ajili ya Maonyesho ya mwaka 1888, na kimo chake ni kiasi cha mita 60. Juu yake imesimama sanamu ya mtu aliyevuka bahari mwaka 1492, akafika visiwa vya Marekani, akadhani amefika nchi za Mashariki. Alifika asijue alikofika. Kosa lake lilikuwa na udhuru, kwa kuwa hakuwa na ramani ya nchi hizo. Wageni wapitao chini ya miguu yake leo wana ramani mfukoni na sauti masikioni, na bado wengi wao hulirudia kosa lile lile kabla ya jioni.

Karibu na hapo hupita mabasi ya orofa mbili ambayo tikiti yake humruhusu mtu kupanda na kushuka katika kituo chochote siku nzima. Basi la namna hii lilianza kazi Barcelona mwaka 1987, na huendeshwa kwa ushirika wa shirika la umma la usafiri la mji. Zipo njia mbili kubwa, nyekundu na buluu, na mzunguko wa njia moja huchukua kiasi cha saa 2 ikiwa mtu hashuki. Abiria hutia masikioni chombo cha kusikilizia, na sauti iliyorekodiwa humtajia jina la jengo, jina la mjenzi na mwaka wa ujenzi.

Yapasa kufahamu ni kitu gani kiuzwacho kwa tikiti hiyo. Si kiti, maana viti vimo katika kila basi la mji, tena kwa nauli ndogo zaidi. Kiuzwacho ni ruhusa ya kushuka. Fahari yote ya mpango huu, na tofauti yake na safari za kundi zenye kiongozi na kengele, ni kwamba abiria ni huru kukatiza safari yake mahali moyo wake ulipovutwa, akakaa apendavyo, kisha akapanda basi lijalo. Mtu alipaye nauli hiyo akakaa kitini tangu mwanzo hata mwisho amefanana na mtu aliyenunua ufunguo wa nyumba, akaridhika kuutazama mlango.

Mathalani, ichukuliwe meli ifikayo saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Kwa hesabu ya karatasi, msafiri amepewa saa 9. Lakini kuteremka huchukua wakati, kuvuka gati huchukua wakati, na foleni ya basi ina wakati wake. Meli nayo huwataka abiria warudi mapema kabla ya kung'oa nanga. Zikibaki saa 6, msafiri ana bahati. Akizunguka njia nyekundu na njia ya buluu bila ya kushuka, saa 4 zimekwisha, na zile 2 zilizobaki huziweka akiba kwa hofu ya kuachwa. Hivyo saa zote 6 zimetumika, na miguu yake haijagusa mji isipokuwa penye kituo. Huyu ameogopa kupoteza sehemu ndogo ya kila kitu, akapoteza kila kitu kizima.

Watetezi husema kwamba kuona kidogo ni bora kuliko kutoona kabisa. Hoja hii ina sura nzuri, lakini na ipimwe kwa jengo ambalo kila mgeni hulitafuta, yaani kanisa la Sagrada Família. Ujenzi wake ulianza mwaka 1882, na mwaka uliofuata ukakabidhiwa Antoni Gaudí, aliyeufanyia kazi mpaka kufa kwake. Mtu aliye juu ya basi huona minara na mashine za ujenzi, hupiga picha, na basi huendelea. Lakini fikira ya mjenzi imo ndani. Nguzo za ndani zimepanda na kugawanyika mfano wa miti, na dari imetanda juu yake kama majani ya mwitu. Madirisha ya upande wa mapambazuko yametiwa vioo vya buluu na kijani, na yale ya machweo yametiwa vioo vya rangi ya machungwa na nyekundu, hata mwangaza wa sakafuni hubadilika jua likienda. Haya hayaonwi barabarani, wala hayaonwi kwa dakika 2. Tena tikiti za kuingia huuzwa kwa saa maalumu, na asiyejipanga mapema huenda akakuta zimekwisha. Basi aliyepita nje hakuona kidogo cha Sagrada Família. Ameona ganda, akaliita tunda.

Kufa kwake Gaudí kuna funzo kubwa zaidi katika jambo hili. Mjenzi huyo alikuwa mtembezi. Tarehe 7 Juni mwaka 1926, akiwa katika matembezi yake ya kila siku kwenda kanisani, aligongwa na tramu. Waliomkuta hawakumtambua, kwa sababu nguo zake zilikuwa kuukuu, wakamdhania maskini asiye na mtu. Alipelekwa hospitali ya Santa Creu, iliyokuwa ikitibu mafukara, na akafa tarehe 10 ya mwezi ule ule. Watu walimwona kwa macho yao mtu mashuhuri kuliko wote katika mji wao, wasimjue, kwa kuwa walimtazama kama wapita njia. Kuona kwa kupita hakukuwatosha wenyeji kumtambua jirani yao. Kutamtoshaje mgeni kuutambua mji mzima?

Hospitali ile ya kale bado ipo. Ilianzishwa mwaka 1401, nayo imo katika mtaa wa Raval, si mbali na La Rambla. Wagonjwa walikwisha hamishwa zamani, na ndani yake leo imo Maktaba ya Katalonia. Ua wake una miti na matao ya mawe, na mtu akitoka chini ya mnara wa Columbus kwa miguu hufika hapo kwa muda usiopata nusu saa. Njiani atapita karibu na soko la Boqueria, atasikia Kikatalani kikisemwa na wauza samaki, na pengine atapotea mara moja na kuuliza njia. Vichochoro vya mtaa huo ni vyembamba, na basi la orofa mbili haliwezi kupenya. Kwa hiyo mahali alipofia mjenzi, mahali panapotunzwa vitabu vya taifa lake, na mahali pa kukutana na mtu wa kuulizwa swali, pote pamekosekana katika mzunguko wa saa 4. Sauti ya masikioni husema sana lakini haiulizwi kitu. Mwanafunzi ajuaye kazi yake anatambua kuwa shahidi asiyeulizwa swali ni shahidi dhaifu.

Hata hivyo haki yataka basi lisitukanwe kwa dhambi isiyokuwa yake. Wako wazee ambao magoti yao yamekataa vilima, wako viwete, wako wazazi wenye watoto wachanga. Kwa hao basi ni mguu, na mtu hasutwi kwa kutumia mguu alio nao. Wako pia wanaokaa kitini mzunguko mmoja ili wajue mji ulivyolala, kisha wakachagua mahali pa kushuka. Hao wametumia akili. Wala hawakutenda haki wale vijana waliolivamia basi la watalii mjini humo mwezi wa Julai mwaka 2017, wakatoboa tairi na kupaka maandishi ya rangi kiooni. Hasira yao ilikuwa na sababu, lakini ilianguka mahali pasipo pake. Abiria wa basi si adui. Ni mtu aliyeuziwa mji kwa kipimo cha meli, akadhani kipimo hicho ndicho cha mji.

Sababu ya hasira ile haifai kupuuzwa. Wasemao mgeni njoo, mwenyeji apone, husahau kwamba mgeni wa methali ni mtu aliyeingia ndani, akala na wenyeji, akaleta habari na baraka. Mgeni wa saa 6 amekwisha kula melini asubuhi, na chakula cha jioni kinamngoja huko huko. Anachotumia mjini ni barabara, na anachoacha ni msongamano. Karibu na bustani ya Park Güell, basi la kawaida la mtaa, namba 116, lilijaa wageni hata wazee wa mtaa hawakupata nafasi ya kurudi nyumbani na vikapu vyao. Ikabidi mwaka 2024 njia hiyo ifutwe katika ramani za Google, ili wageni wasiione. Mwaka huo huo waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za watoto. Mji ukifikia kuficha basi lake ili wazee wake wapate kupanda, ujue ugeni umeugua.

Mzizi wa ugonjwa huo umo katika ratiba ya meli. Meli ya matembezi ni hoteli iliyojaa vyakula, maduka na michezo. Kila saa abiria akiwa nje, fedha yake iko nje. Kila saa akiwa ndani, fedha yake iko ndani. Hapana ajabu ikiwa bandari nyingi hutajwa katika tangazo na muda mchache hutolewa katika kila moja, maana jina la bandari huvuta mnunuzi kuliko idadi ya saa. Barcelona imeanza kulitambua jambo hili. Mwaka 2025 mji na bandari vilikubaliana kwamba majengo ya kupokelea abiria wa meli hizo yapunguzwe kutoka 7 hadi 5 ifikapo mwaka 2030. Hatua hiyo ni njema, lakini inapunguza idadi ya wageni tu, haiwaongezei muda wale wanaokuja. Wageni wachache waliozungushwa bila ya kushuka ni afadhali kwa barabara, lakini kwa elimu na kwa ugeni hapana tofauti.

Lililo katika uwezo wa msafiri mwenyewe ni dogo, tena halina gharama zaidi. Na achague mahali pamoja kabla ya meli kufika. Na apande basi kama watu wa visiwani wanavyopanda mashua ya kuvukia: kwa ajili ya ng'ambo, si kwa ajili ya mashua. Akifika ashuke, na basi liende zake. Saa 3 katika kanisa moja, au katika soko moja na ua mmoja wa maktaba, zitampa kitu cha kusema ambacho hakikusemwa na sauti ya masikioni. Akiulizwa kwao kama ameiona Barcelona, aseme kweli: ameona mtaa mmoja. Jibu hilo ni fupi, lakini lina uzito kuliko picha 200 zilizopigwa kutoka kitini, kwa sababu aliyelitoa anajua mpaka wa ujuzi wake.

Neno hili si la Barcelona peke yake. Mombasa na Unguja nazo hupokea meli za namna hii, na mitaa yao ya kale ina vichochoro visivyopitika kwa gari, jambo ambalo ni neema iliyojificha. Wapangao mambo ya wageni katika pwani hiyo wana nafasi ya kuchagua mapema: kuuza mzunguko, au kuuza kushuka. Wakiuza mzunguko watapata watu wengi na wageni wachache.

Mji haufunguki kwa kuzungukwa, kama vile kitabu hakisomwi kwa kutazamwa jalada pande zote. Msomi anayejivunia vitabu alivyopitia mgongo wake rafuni huchekwa na wenzake. Msafiri wa basi lisiloshukwa astahili kicheko kile kile, na dawa ile ile: afungue ukurasa mmoja, asome.