Kiporo cha shilingi 48,000

KIBARAZANI
Na Zuhura Mapande

Kukaribishwa tulikaribishwa, tena kwa kishindo. Mguu wa pili haujavuka kizingiti, vijana watano waliovaa majoho meusi ya kufungwa kiunoni wakatupigia ukelele kwa pamoja: "Irasshaimase!" Mjomba, aliyekuja Dar kutoka Kilwa Kivinje kwa ajili ya kliniki ya macho, alishtuka akanishika mkono. Nikamnong'oneza kwamba wanasema karibu. Akaitikia, "Starehe," kama mtu aliyelelewa. Hakuna aliyemsikia. Walishageuka, kila mmoja na simu yake.

Tukasimama pale mlangoni tukingoja wa kutuonesha pa kukaa. Baada ya muda kijana wangu akatuchagulia meza ya dirishani, akaambiwa hiyo ina wenyewe. Tukapelekwa nyingine, chini ya kiyoyozi, jirani na mlango wa choo. Ile ya dirishani ilibaki tupu mpaka tunaondoka.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya kijana wangu. Amepata mshahara wake wa kwanza, na badala ya kuniletea kitenge kama watoto wa wenzangu, akasema, "Mama, wewe kila wiki unawaandika watu na masufuria yao. Safari hii nakupeleka kwa Wajapani, na Mjomba aje." Mgahawa uko Masaki. Sitautaja jina, na wanaoishi na kula mjini hapa watanielewa kwamba yaliyotupata pale hayakuanza na sisi.

Tulikaa dakika 20 bila kupewa hata maji. Nasema maji nikiwa na maana mbili, ya kunywa na ya kunawa. Huko Japani ukishakaa tu mezani unaletewa oshibori, kitaulo kilicholoweshwa na kukunjwa vizuri, ufute mikono kabla ya kugusa chochote. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili faida ya kitu hicho. Kwa mama ntilie wa Kariakoo mwenye benchi mbili na mwavuli mmoja, utaoneshwa ndoo ya koki na kipande cha sabuni kabla hujaulizwa unakula nini. Pale Masaki mikono yetu haikumhusu mtu.

Menyu ilikuja, nzito kama msahafu, kila ukurasa na picha yake. Mhudumu, kijana mpole ambaye nisingependa aadhibiwe kwa ajili ya safu hii, alikuwa na majibu mawili. Hiki? Kimeisha, mama. Na hiki? Hicho mpaka wikendi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nikaona nimsaidie: "Basi wewe mwenyewe unapenda kipi humu?" Akatazama mlango wa jikoni kwanza. "Mimi sijawahi kula, mama. Haturuhusiwi."

Jibu hilo lilinikaa. Huko kwenye asili yake, anayejifunza kutengeneza sushi kwa mtindo wa kale humaliza miaka akiosha vyombo, akiosha mchele, akipika wali, kabla ya kuruhusiwa kumgusa samaki wa mteja. Sisemi tufike huko. Lakini kumkabidhi mtu menyu ya kurasa 20 auze vitu ambavyo ulimi wake haujawahi kuvigusa, hilo ni kosa la mwenye mgahawa, na hata ukimvalisha kijana joho la hariri halitafutika.

Supu ya miso ilifika baada ya dakika 40. Supu hii ikipikwa inavyotakiwa ni kitu kidogo chenye akili kubwa. Msingi wake ni maji yaliyotolewa ladha kwenye mwani mkavu uitwao kombu na kwenye katsuobushi, yaani samaki wa ukoo wa jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, kisha akaparuzwa vipande vyepesi kama karatasi. Kwetu tungesema ni ng'onda aliyepitiliza. Ni kwa kuchunguza mchuzi wa mwani huo ndipo mwanakemia Kikunae Ikeda, mwaka 1908, alipoipa jina ladha ya tano, umami, pembeni ya tamu, chumvi, chachu na chungu. Tulicholetewa kilikuwa na ladha moja tu kati ya hizo tano, nayo ni chumvi. Kijana wangu alikunywa yote. Na mimi nikanywa yote, kwa kuwa yeye alikuwa ananitazama.

Tempura nayo ikafuata, kamba na mboga zilizovikwa unga na kukaangwa. Namna hii ya kukaanga Wajapani waliipata kwa Wareno. Mreno alifika Kilwa kwa majeshi mwaka 1505 akaibomoa. Japani alifika 1543, na huko pia aliingia na bunduki. Kwetu aliacha neno meza, kwao akaacha tempura, na siku hiyo nilikuwa nimekaa mbele ya vyote viwili nikimwangalia mzee wa Kilwa akibofya kamba wake kwa kidole. Unga wa tempura huchanganywa na maji ya baridi sana, bila kukorogwa mno, na hukaangwa na kupelekwa mezani papo hapo ili uvunjike mdomoni. Huu ulikuwa umelala. Umenywea mafuta, umelegea, kama bajia za futari zilizosahaulika mpaka daku.

Halafu ndiyo sushi. Sahani ya vipande 12, shilingi 48,000. Tuliagiza mbili.

Niseme kwanza niliyoyasamehe, nisije nikaonekana mtu wa kutafuta kasoro. Wasabi, ile rojo ya kijani kibichi, haikuwa wasabi. Wasabi wa kweli ni mmea unaopenda vijito vya maji baridi, shina lake hukwanguliwa mbele ya mlaji, na ukali wake haukai. Mahali pengi duniani, Japani kwenyewe ikiwemo, watu huletewa mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi. Hilo nimesamehe. Parachichi ndani ya sushi ni mambo ya Wamarekani, nayo nimesamehe, maana parachichi letu ni zuri popote utakapoliweka. Samoni aliyegandishwa kutoka Ulaya nimemsamehe pia. Kumla samoni mbichi hata kwa Wajapani si jambo la mababu. Wanorwe ndio waliowashawishi, kuanzia miaka ya 1980, kwa kuwa walikuwa na samaki wengi kuliko walaji. Na kugandisha si aibu, ndiko kunakoua minyoo kwenye samaki anayeliwa mbichi.

Wali sikuusamehe.

Mtu asiyejua hudhani sushi ni samaki mbichi. Sushi ni wali. Ni wali wa mchele mfupi unaoshikana, uliotiwa siki, sukari na chumvi ukiwa wa moto, ukapepewa, ukaliwa ukiwa vuguvugu, karibu na joto la mwili wako. Samaki anakuja juu yake kama mgeni anayejua adabu. Huu wa kwetu ulikuwa umetoka kwenye friji. Kila punje imekakamaa peke yake, katikati pana ubaridi unaouma jino. Sisi wote tumekula wali wa namna hiyo, tunaujua jina: kiporo. Lakini kiporo cha nyumbani hupashwa moto, kikaliwa na chai, na hakuna anayekutoza 48,000.

Mjomba alitazama vijiti, akavitazama tena, akaviweka kando. Akachukua kipande kwa vidole vitatu, kama mtu anavyochukua tende, akakielekeza mdomoni. Mhudumu, ambaye tangu tufike tulikuwa tunamtafuta kwa tochi, safari hii alifika mbio. "Mzee, samahani, hii huliwa kwa vijiti."

Meza ikanyamaza. Mjomba hakupandisha sauti. "Mwanangu," alisema, "nipe kwanza maji ya kunawa, halafu ndiyo unifundishe kula."

Sasa sikilizeni. Sushi ya namna hii, donge dogo la wali lenye samaki juu, ilizaliwa mitaani, katika mji wa Edo ambao tangu 1868 unaitwa Tokyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 iliuzwa kwenye vibanda. Fundi mwenye haraka alisimama, akachukua vipande vyake kwa mkono, akala, akaenda zake. Ilikuwa kama chipsi mayai, kama pweza wa kibandani. Na mpaka leo, kwa Wajapani wenyewe, kuila kwa mkono ni adabu kamili. Wapo wanaoona ndiyo njia bora, kwani vijiti huvunja donge. Mzee wa Kilwa, ambaye hajawahi kukanyaga mgahawa wa Kijapani maishani mwake, ndiye peke yake chumbani mle aliyekuwa anakula kama inavyoliwa. Na ndiye aliyesahihishwa.

Nilikuwa nayajua haya yote. Niliyajua pale pale, yakiwa kwenye ncha ya ulimi. Meneja akapita, akainama kidogo, akauliza kama kila kitu kipo sawa. Nikajibu, "Safi sana, asante."

Mimi huyu. Mimi ambaye pilau ikija haijaiva pale Kariakoo nairudisha, na mpishi nampelekea hotuba juu yake. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ulimi ulikwenda wapi. Nilijiambia ni kwa ajili ya kijana, nisimharibie siku yake, na hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa kuambiwa, hata kwa jicho tu, kwamba mimi ndiye nisiyejua. Kwamba labda ndivyo Wajapani wanavyokula, wali wa baridi na supu ya chumvi, na mama huyu ametoka wapi. Nadhani biashara ya mgahawa ule imejengwa juu ya woga huo. Mtu akila ugali mbaya analalamika kwa kuwa ugali anaujua. Akila sushi mbaya hujilaumu mwenyewe kwamba hana mazoea, hulipa, hupiga picha.

Kinachoniuma ni kwamba ugeni wenyewe si mkubwa kiasi hicho. Soko la samaki la Feri, pale Magogoni, lilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kule Lower Moshi Wajapani wamekuwa na wakulima wetu kwenye majaruba ya mpunga tangu miaka ya 1980. Alfajiri Feri kuna mnada, kuna pweza aliyetoka majini usiku huo huo, kuna jodari ambaye Mjomba akimwangalia jicho tu anakwambia ametoka majini jana au juzi. Kutoka pale hadi Masaki si safari. Na watu wa kupika tunao. Mwanamke wa Tanga anayejua kwa kusikiliza tu kwamba maji ya pilau yamekauka na sasa ni wakati wa kupalia, mpe miezi michache na siki nzuri, wali wa sushi utamshinda nini? Ila mtu huyo lazima afundishwe, alipwe, na aruhusiwe kuonja. Ni gharama. Majoho meusi ni rahisi zaidi.

Bili ikaja upesi kuliko kitu kingine chochote siku hiyo. Supu tatu, 36,000. Tempura, 38,000. Sushi, 96,000. Maji chupa tatu, 15,000. Jumla 185,000, na chini yake mstari mmoja mwembamba: tozo ya huduma asilimia 10, shilingi 18,500. Japani mteja hatarajiwi kutoa bakshishi. Huduma nzuri ni sehemu ya kazi. Sisi tulitozwa kwa lazima ya huduma ambayo haikutokea. Kijana wangu aliomba risiti ya EFD, akaambiwa mashine ina tatizo la mtandao. Mashine ya kadi, iliyokuwa pembeni yake, haikuwa na tatizo lolote.

Akalipa 203,500 kwa mkono uliotulia, Mungu amzidishie. Najua anaisoma safu hii kila Jumapili, tena huwa ananirekebishia tarakimu. Kwa hiyo leo ndipo anapopata habari ya kilichokuwa moyoni mwangu, na nadhani wakati anafika hapa ameshakasirika na kucheka vyote.

Ndani ya gari, tulipofika karibu na daraja la Selander, alimgeukia Mjomba akamuuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu analolitaka: chakula umekionaje? Nikafumba macho nikingoja uongo wa heshima, ule niliomwambia meneja. Mjomba alifikiri kidogo. Akasema samaki alishagandishwa akayeyushwa akagandishwa tena, wali ulikuwa wa jana, na yule kijana mhudumu ana njaa, tumhurumie.

"Lakini ile dawa ya kijani," akasema, akivuta pumzi kwa pua zote mbili, "mafua yangu ya tangu Ramadhani yameisha. Kesho nipeleke inapouzwa."