Transmita za FM zarudi dukani, kosa si la kifaa

TRANSMITA ya FM ni bidhaa ndogo iliyozoeleka katika maduka ya vifaa vya gari, Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli jijini Nairobi. Mteja ana simu iliyojaa nyimbo na gari lenye redio ya zamani. Hununua kifaa hicho, hukichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, na kesho yake hukirudisha akidai ni kibovu. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kimeuzwa kwa gari kisilolifaa.

Hasara yake si ndogo kama bei inavyoonyesha. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua transmita 100 kwa Sh. 8,000 kila moja na kuziuza kwa Sh. 12,000. Zote zikiuzwa bila kurudi, amepata faida ya Sh. 400,000. Zikirudi 25 zikiwa zimefunguliwa na haziuziki tena, faida inashuka hadi Sh. 100,000 kabla ya pango na usafiri. Zikirudi 34, hata mtaji wa Sh. 800,000 haujarudi.

Chanzo cha tatizo kinajulikana. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki yanatoka Japani. Huko masafa ya FM yalikuwa megahezi 76 hadi 90, na redio za magari ya zamani zilitengenezwa kwa kipimo hicho. Ni baada ya televisheni za analojia kuzimwa ndipo Japani ilipoongeza masafa hadi 95, na matangazo katika sehemu hiyo yakaanza mwaka 2014. Transmita nyingi zinazouzwa madukani hurusha kati ya 87.5 na 108. Kwa redio inayoishia 90, mahali pa kukutana ni megahezi mbili na nusu tu. Mjini, kituo chenye nguvu kikiwa hapo, muziki wa simu unamezwa.

Magari mengine yamekwisha kufungwa kifaa cha kushusha masafa kati ya antena na redio. Hapo hesabu inabadilika. Kifaa kikishusha kwa megahezi 20, transmita iliyowekwa 104 itasikika redio ikiwa 84. Mteja asipoambiwa hivyo atatafuta 104 mpaka achoke, na lawama itarudi kwa muuzaji.

Ziko njia nyingine, na kila moja ina gari lake. Redio yenye tundu la AUX inahitaji waya tu, au kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa hapo. Sauti yake ni safi kuliko ya transmita kwa kuwa haipiti hewani kwa masafa ya FM. Redio ya kaseti, kama zile za Corolla za miaka ya 1990, inapokea kaseti ya kuunganishia simu, mradi mota na gia zake bado zinazunguka. Hata hivyo kaseti ya waya inahitaji simu yenye tundu la hedifoni. Apple iliondoa tundu hilo katika iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine nyingi zikafuata. Kwa wenye simu hizo, kaseti ya Bluetooth ndiyo ya kuwekwa dukani.

Wako wanaoona jibu la yote ni kung'oa redio na kuweka ya kioo kikubwa. Faida kwa kipande ni kubwa, lakini mtaji unaolala nao ni mkubwa. Magari mengi ya Toyota yana nafasi ya redio yenye upana wa milimita 200, wakati kipimo cha kawaida cha redio ni 180. Bila fremu yake, kazi ya fundi huishia kwenye nyufa za dashibodi. Aidha, baadhi ya redio za Toyota zenye ramani ya Kijapani hudai kadi ya ramani au namba ya siri mara betri inapotolewa. Fundi asiyejua hilo humwachia mteja redio iliyokufa, na mgogoro huanza.

Wauzaji hujitetea kuwa duka lenye wateja wengi halina nafasi ya kumhoji mnunuzi wa bidhaa ya Sh. 12,000. Hoja hiyo haina uzito. Maswali ni matatu tu: redio inaishia namba ngapi, ina tundu la AUX au kaseti, na simu ina tundu la hedifoni au haina. Maswali hayo hayafiki dakika moja. Kumsikiliza mteja mwenye hasira mbele ya wateja wengine huchukua muda zaidi na huharibu jina la duka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, busara ni kutonunua katoni nzima ya aina moja. Achanganye waya, vipokezi vya Bluetooth, kaseti na transmita, kisha aandike kila kilichouzwa, gari lililokinunua na kilichorudi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Soko nalo linatofautiana kwa nchi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, wakati Tanzania hupokea ya zamani zaidi kwa ushuru wa nyongeza. Mzigo uliotoka haraka Nairobi unaweza kulala Dar es Salaam, au kinyume chake.

Mwagizaji mkubwa ana jambo moja zaidi. Transmita hurusha mawimbi, hata kama ni ya mita chache. Aulize TCRA nchini Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya kuhusu idhini ya kifaa kabla ya kulipia mzigo, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Magari ya zamani yataendelea kuwapo barabarani kwa miaka mingi, na simu zitaendelea kubadilika. Biashara hii ina uhai. Itamfaa muuzaji anayetoka nje ya kaunta kwenda kuitazama redio ya mteja kabla ya kupokea fedha yake.