Mkanda wa jeshi umekauka, mbona bibi bado anaumia?

Magamba yamedondoka na ngozi imeanza kurudia rangi yake. Kwa macho ya waliomo nyumbani, bibi amepona mkanda wa jeshi. Lakini huu mwezi wa nne halali vizuri. Anashika ubavu, hataki gauni limguse, na mjukuu akimkumbatia anaruka kama aliyeunguzwa.

"Mama, si ulishapona?" mwanawe anauliza. Bibi ananyamaza. Kesho yake hasemi tena kwamba anaumwa, ingawa maumivu hayajapungua hata kidogo.

Hali kama hii si ngeni kwenye familia zinazoishi na wazee. Wapo wanaosema ni kudeka, wapo wanaosema ni uzee, na wapo wanaohisi mkono wa mtu. Hayo ni maumivu ya kweli, sababu yake inajulikana na yanatibika.

Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na kinaweza kulala humo miaka 50 au 60. Kinga ya mwili ikipungua kwa sababu ya umri au maradhi, huamka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge hujipanga kama mkanda, kwa kawaida upande mmoja tu wa mwili.

Ugonjwa ukipita, ngozi hupona lakini mshipa unaweza kubaki umejeruhiwa. Mshipa huo huendelea kupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo, hata pale ngozi inapoguswa na khanga au upepo wa feni. Wagonjwa husema ni kama kuungua, kuchomwa sindano au kupigwa shoti ya umeme.

Kwa mujibu wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, maumivu haya huwapata watu 10 hadi 18 kati ya kila 100 wanaougua mkanda wa jeshi. Kwa walio chini ya miaka 40 ni nadra. Kadiri umri unavyosonga, uwezekano huongezeka na maumivu huwa makali zaidi.

Saa 72 za mwanzo

Dawa za kuzuia kirusi kuzaliana hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Hufupisha ugonjwa na kupunguza ukali wake.

Tatizo ni kwamba saa hizo hupotelea nyumbani, mzee akipakwa dawa ya meno, majivu au majani. Nyingine hupotea kwa aibu, kwa kuwa majirani wakisikia mkanda wa jeshi hufikiria Virusi vya Ukimwi (VVU). Ni kweli VVU hushusha kinga na kufungua njia ya ugonjwa huu, na kupima ni jambo jema. Lakini kwa mtu wa miaka 70, umri peke yake unatosha. Mzee asifichwe chumbani kwa kuogopa maneno ya watu.

Upele ukitokea kwenye paji la uso, puani au karibu na jicho, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Malengelenge yakiwa bado na maji, yafunikwe, na mzee akae mbali na watoto wachanga na wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga.

Maumivu yakigoma kuondoka

Familia nyingi hukimbilia duka la dawa. Panadol mara nyingi haitoshi kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Diklofenaki ikitumiwa kila siku bila ushauri inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na wazee ndio walio hatarini zaidi.

Mrudisheni kwa daktari. Anaweza kuandika dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, ambazo baadhi hutumika pia kutibu kifafa au sonona. Ukisoma hivyo kwenye karatasi ya dawa usishtuke, haina maana kwamba bibi amechanganyikiwa.

Dawa hizi huanzwa kwa dozi ndogo, na nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Usimwachishe siku ya tatu kwa kuona hazifanyi kazi. Huleta usingizi na kizunguzungu, hivyo aketi kidogo kitandani kabla ya kusimama, na njia ya kwenda msalani iwe na taa usiku.

Nguo laini za pamba zisizobana humsaidia, na wajukuu waonyeshwe upande wa kumkumbatia. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, lakini mzee asiyelala wala kula vizuri, tena akiona haaminiwi, hudhoofika haraka.

Jioni ya leo, badala ya kumuuliza "si ulishapona?", muulize, "Leo panaumaje, mama?" Kisha kaa umsikilize, na hayo atakayokueleza ndiyo ya kumpelekea daktari.