Skrini Mbili Dukani: Je, Mteja Aone Nini?

Huenda wewe ni mwenye duka la kompyuta, yaani saiba, mjini Embu, Chuka au pale Makutano, Meru. Huenda pia ni mzazi ambaye kijana wake ameomba skrini ya pili. Leo nataka tuzungumze juu ya kuunganisha skrini mbili kwenye kompyuta moja, hasa ikiwa kompyuta hiyo inatumia mfumo usiouzoea.

Jambo lenyewe si geni. Kompyuta ya Macintosh II iliweza kutumia skrini kadhaa tangu 1987, na Windows 98 ikafuata mwaka 1998. Lakini mwenye saiba ana sababu yake. Mwezi wa Juni, watu wanapofurika kuwasilisha ripoti za ushuru kwa KRA kabla ya tarehe 30, tarakimu moja ikikosewa kwenye nambari ya kitambulisho huleta usumbufu mkubwa. Skrini ya pili ikimwelekea mteja, mama aliyetoka Runyenjes atajionea jina lake likiandikwa, naye atasema, "Hapo umekosea, mwanangu," kabla mambo hayajaharibika.

Na huo mfumo mgeni umetoka wapi? Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, kwa hivyo baadhi ya watu wamehamia Ubuntu, ambao hautozwi ada. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina maana ya utu, na Mmeru anayesema "muntu" halitamsumbua hata kidogo.

Hebu basi tuanze kazi. Kwanza, tazama matundu yaliyo nyuma ya kompyuta. La VGA mara nyingi ni la samawati na lina vijitundu 15. La HDMI ni bapa na dogo zaidi. Ukilazimika kununua kiunganishi cha kutoka aina moja hadi nyingine, mweleze muuzaji ni upande upi unaotoka kwenye kompyuta. Kile cha kutoa HDMI kwenda VGA kwa kawaida hakifanyi kazi kinyume. Wengi hudhani skrini imekufa, kumbe ni kiunganishi kilichogeuzwa. Aidha, kama kompyuta ina kadi ya picha ya ziada, chomeka skrini zote mbili kwenye kadi hiyo. Kisha bonyeza kitufe cha skrini yenyewe na uchague tundu ulilotumia.

Pili, fungua mipangilio ya Ubuntu, mahali palipoandikwa "Displays". Utaona kila skrini imechorwa kama kijisanduku. Viburute vijisanduku hivyo vikae jinsi skrini zilivyokaa mezani. Ikiwa skrini ya mteja iko kushoto nawe umeiacha kulia, kipanya kitagonga ukuta kila unapojaribu kuvuka. Ukishathibitisha mabadiliko, mfumo utakuuliza kama uyahifadhi. Usipojibu, baada ya sekunde chache utarudi ulivyokuwa. Usishtuke: umewekwa hivyo ili usibaki gizani ukichagua vibaya.

Tatu, na hili ndilo kubwa, chagua kati ya "Mirror" na "Join". Ya kwanza hufanya skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Ya pili huziunganisha ziwe kama meza moja pana, nawe ukaamua kipi kikae upande upi.

Msomaji, usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Ukichagua "Mirror", mteja ataona kila kitu unachokiona wewe: barua ya kazi ya aliyetangulia, matokeo ya mtihani ya mtoto wa jirani, pengine hata karatasi za hospitali. Na miji yetu ni midogo. Anayengoja kwenye benchi huenda ni shemeji wa yule aliyetoka sasa hivi. Siri ikishavuja kwenye skrini, itafika kijijini kabla ya matatu ya jioni.

Kwa hivyo chagua "Join". Ifanye skrini yako kuwa ndiyo kuu, ili ujumbe unaochipuka ghafla ujitokeze kwako wala si kwa mteja. Upande wa mteja, weka fomu yake tu, na uiondoe anaposimama kwenda zake. Jihadhari pia na kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi P, kwani hubadilisha mpango huo, na hata Ubuntu hukitambua. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nenda ukae kwenye kiti cha mteja utazame mwenyewe anachoona.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inamhusu pia anayeshika karatasi za watu kwa biashara. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mtu anayekukabidhi kitambulisho chake amekukabidhi heshima yake. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Tenga nusu saa, zipange skrini zako vizuri, kisha ufungue duka.